Chembe nyeupe 3.2: je, kinga yangu imeshuka?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa miaka 31, naishi Morogoro. Mwezi uliopita nilipima afya ili nijaze fomu za ajira mpya. Majibu yote yalikuwa mazuri, isipokuwa kwenye picha kamili ya damu, ambako chembe nyeupe zilikuwa 3.2 na pembeni pameandikwa herufi L. Neutrofili ni asilimia 41, limfosaiti asilimia 46, wingi wa damu 12.7 na chembe sahani 238. Aliyenisomea majibu aliniambia kinga yangu imeshuka. Nilinunua sirapu ya kuongeza kinga kwa shilingi 45,000 na nikaambiwa ninywe juisi ya bitiruti kila asubuhi. VVU nimepima mara mbili na sina. Siumwi chochote, ingawa siku chache kabla ya kipimo nilikuwa nimemaliza Septrin za siku 5 kwa ajili ya UTI. Nimesoma kwamba huenda ni saratani ya damu, na tangu hapo usingizi umenipotea. Nini husababisha chembe nyeupe kupungua, na tiba yake ni ipi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nianze na hesabu ndogo ambayo ingepaswa kufanywa mbele yako siku ile ulipokabidhiwa karatasi. Chukua 3.2, zidisha kwa 41, kisha gawanya kwa 100. Unapata 1.31. Hicho ndicho kiasi halisi cha neutrofili zako, yaani chembe 1,310 hivi katika kila mikrolita moja ya damu. Fanya vivyo hivyo kwa limfosaiti na utapata 1.47, kiasi ambacho kwa mtu mzima hakina tatizo lolote. Kwa hiyo herufi L iliyokutisha inahusu aina moja tu ya chembe nyeupe, nayo imepungua kidogo. Ningependa uishike namba hiyo ya 1.31 tunapoendelea, maana nitairudia.

Tunaposema chembe nyeupe tunazungumzia kundi lenye aina kuu tano, na kila aina ina kazi yake. Neutrofili ndizo zinazowahi kwenye jeraha na kumeza bakteria. Usaha unaouona kwenye jipu kwa sehemu kubwa ni mizoga yake. Limfosaiti hushughulika zaidi na virusi, hutengeneza kingamwili na hutunza kumbukumbu ya maradhi yaliyopita. Monosaiti, eosinofili na basofili ni chache, na zikipungua peke yake ni nadra kuwa na maana kubwa. Ndiyo maana sentensi ya "chembe nyeupe zimeshuka" haimsaidii mtu mpaka ielezwe ni zipi zilizoshuka.

Jambo la pili ni kwamba chembe hizi hazikai mahali pamoja. Uboho, ule ute ulio ndani ya mifupa, hutengeneza neutrofili zipatazo bilioni 100 kwa siku, na kila moja ikishatoka huzunguka kwenye damu kwa saa chache tu kabla ya kuingia kwenye nyama za mwili. Nyingi hubaki akiba ndani ya uboho, na sehemu kubwa ya zilizokwisha kutoka huwa zimejibanza kwenye kuta za mishipa, ambako sindano haizichoti. Kuzihesabu ni sawa na kusimama stendi ya Msamvu saa 4 asubuhi na kuhesabu mabasi unayoyaona. Ukikuta machache huwezi kusema kampuni zimefilisika, kwa sababu mengine yako barabarani na mengine yamelala gereji. Ukipima asubuhi na mchana wa siku hiyohiyo unaweza kupata majibu yanayotofautiana, na ukipanda ngazi kwa haraka kabla ya kutolewa damu namba itapanda kidogo bila kinga yako kubadilika.

Sasa turudi kwenye 1.31. Vitabu vya tiba husema neutrofili zimepungua pale zinapokuwa chini ya 1.5. Kati ya 1.0 na 1.5 upungufu huitwa mdogo, kati ya 0.5 na 1.0 huitwa wa kati, na chini ya 0.5 huitwa mkubwa. Hatari ya kushambuliwa na bakteria huongezeka kwa kweli zinaposhuka chini ya 0.5, na huwa kubwa mno chini ya 0.1, hasa hali hiyo ikidumu zaidi ya wiki moja. Mtu mwenye 1.3 ambaye uboho wake ni mzima hupambana na vijidudu kama mwenzake mwenye 4, kwa kuwa mwili ukihitaji chembe zaidi hufungua ghala lake na kuzitoa.

Lakini vipimo hivi vya kulinganishia vilitoka wapi? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naamini ndiko lilikojificha jibu lako. Kiwango kinachochapwa kwenye karatasi nyingi za maabara, kile cha 4 hadi 11, kilipatikana kwa kupima watu wenye asili ya Ulaya na kuwekwa ndani ya mashine kabla haijasafirishwa. Utafiti uliopima watu wazima wenye afya njema katika Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia, na kuchapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba kwao kikomo cha chini cha chembe nyeupe kiko karibu na 3, na cha neutrofili kiko karibu na 1. Watafiti waliopima watu wazima wenye afya huko Mbeya na Kericho nao walikuta viwango vilivyo chini ya vile vya Ulaya na Marekani. Ukiisoma karatasi yako kwa kipimo hicho, mwalimu, ile L inafutika.

Sababu ya tofauti hii inajulikana, na ina uhusiano wa ajabu na malaria. Watu wengi duniani wana alama fulani juu ya chembe nyekundu za damu iitwayo Duffy. Kimelea cha malaria aina ya vivax huitumia alama hiyo kama mlango wa kuingilia. Katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, watu wengi huzaliwa na badiliko dogo la urithi linaloiondoa alama hiyo kwenye chembe nyekundu, na tangu mwaka 1976 imejulikana kwamba ndilo linalowakinga dhidi ya vivax. Malaria yetu ya kawaida hapa Tanzania, ile ya falsiparamu, hupita njia nyingine, kwa hiyo usije ukatupa chandarua. Miaka mingi baadaye ilibainika kwamba badiliko hilohilo huwafanya watu hao wawe na neutrofili chache kwenye damu inayochotwa. Uboho wao ni mzima, chembe zao zinafanya kazi, na hawaugui zaidi ya wengine. Hali hiyo ipo pia miongoni mwa watu wenye asili ya Yemeni na miongoni mwa Waarabu wa Ghuba, kwa hiyo msomaji wa Unguja, Mombasa au Muscat anaweza kuwa nayo vilevile. Madaktari waliizoea kwa jina la upungufu usio na madhara. Binafsi silipendi neno upungufu hapo, kwa sababu kitu ambacho mamilioni ya watu wazima wa afya wanacho tangu kuzaliwa hakijapungua kutoka popote.

Usidhani ni mjadala wa wasomi tu. Ipo dawa ya ugonjwa wa akili iitwayo klozapini, ambayo huwasaidia wagonjwa walioshindwa kupata nafuu kwa dawa nyingine, lakini ambayo mara chache huua uzalishaji wa neutrofili, hivyo mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara. Kwa muda mrefu kikomo cha kuianza kilikuwa 2.0, na watu weusi wengi walinyimwa au kusimamishwa kwa sababu ya namba waliyozaliwa nayo. Marekani iliporekebisha mwongozo wake mwaka 2015, iliruhusu wenye hali hii waanze wakiwa na 1.0. Mambo ya namna hiyo hutokea pia kwenye tiba ya saratani, ambako dozi inaweza kuahirishwa au kupunguzwa kwa sababu ya namba ambayo kwa mgonjwa huyo ni ya kawaida.

Pamoja na hayo, sitakuambia ufunge faili kwa kipimo kimoja. Umesema ulikuwa umetoka kumeza Septrin, na ulikuwa na maambukizi ya njia ya mkojo. Yote mawili yanaweza kushusha neutrofili kwa muda. Septrin huingilia matumizi ya foleti, aina mojawapo ya vitamini B, mwilini, na kwa baadhi ya watu hupunguza chembe nyeupe, hasa ikitumika kwa muda mrefu au kwa dozi kubwa. Siku tano ni chache, lakini zinatosha kunifanya nisiamini kipimo kilichochukuliwa mara tu baada yake.

Kwa jumla maambukizi ndiyo sababu ya kwanza ya kupungua kwa chembe nyeupe ninayokutana nayo. Watu wengi hushangaa, kwa kuwa wamezoea kusikia kwamba ukiwa na maambukizi chembe hupanda. Hupanda kwa bakteria wengi, lakini virusi mara nyingi huzishusha: mafua makali, surua, homa ya ini na dengue. Waliokuwa wakifanya kazi hospitalini Dar es Salaam katika milipuko ya dengue ya mwaka 2014 na 2019 wanakumbuka karatasi za damu zilivyokuwa zikifanana, chembe nyeupe chini na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, nazo chini, siku ya nne au ya tano ya homa. Homa ya matumbo ni bakteria lakini nayo huzishusha, sawa na brusela inayowapata wafugaji na wanywaji wa maziwa mabichi. Malaria inaweza kufanya hivyo pia. Baada ya virusi vya kawaida namba hurudi yenyewe ndani ya wiki chache, na tiba yake ni subira pamoja na kipimo cha marudio.

VVU ni jambo jingine. Ni kweli kwamba maambukizi ya VVU yasiyotibiwa hupunguza limfosaiti, na wakati mwingine neutrofili pia, na ndiyo maana kila mtu mwenye chembe nyeupe chache zisizo na maelezo hushauriwa kupima. Wewe umepima mara mbili. Ikiwa kipimo cha mwisho kilifanyika miezi mitatu au zaidi baada ya tukio lolote la hatari, basi jambo hilo limekwisha. Nalisema waziwazi kwa sababu mitaani kwetu neno "kinga imeshuka" limekuwa na maana moja tu, na najua mwalimu aliyetamkiwa maneno hayo dirishani, watu wakiwa kwenye foleni nyuma yake, anarudi nyumbani na mzigo gani. Tena wengi huchanganya chembe nyeupe na CD4. CD4 ni tawi moja tu la limfosaiti, hupimwa kwa kipimo chake, na huwezi kuikisia kwa kutazama ile 3.2.

Kwa anayeishi na VVU, ukweli ni kwamba kirusi chenyewe, magonjwa nyemelezi na dawa vyote vinaweza kuhusika. Zidovudini, dawa ya zamani ya kufubaza VVU, ilijulikana kwa kushusha damu na neutrofili. Mchanganyiko unaotumika zaidi sasa wa tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri hauna kasoro hiyo, na mara nyingi kubadilishiwa dawa kliniki kumetosha kuzirudisha chembe. Asithubutu mtu kuacha dawa mwenyewe kwa sababu ya karatasi ya maabara.

Kifua kikuu kilichosambaa mwilini, kala-azar, ugonjwa wa vimelea unaopatikana katika maeneo makavu ya Kenya kama Baringo na Turkana, na kichocho cha muda mrefu kilichoharibu ini, vyote vinaweza kushusha chembe. Viwili hivi vya mwisho hufanya hivyo kwa sehemu kubwa kupitia bandama. Bandama ikivimba huzuia na kuharibu chembe za kila aina, hivyo chembe nyekundu na sahani nazo hushuka. Daktari akikulaza kitandani na kukubonyeza chini ya mbavu za kushoto, ndiyo anayoitafuta, na kipimo hicho cha mkono ni cha bure.

Baada ya maambukizi, dawa ndizo zinazofuata, na hapa lazima nieleze kisa. Miaka kadhaa iliyopita nilipokea binti aliyekuwa akitibiwa tezi la shingo kwa kabimazoli kwa wiki kama sita. Alianza kuumwa koo. Alikwenda duka la dawa akapewa vidonge vya tonsesi, akarudi akapewa vingine, mara ya tatu akachomwa sindano. Alipofika kwetu alikuwa na joto la 39.6, midomo na ulimi vimechubuka kiasi cha kushindwa kumeza mate. Nilipomulika koo niliona vidonda vilivyochimbika, lakini hapakuwa na usaha hata kidogo, na hilo ndilo lililonishtua, maana usaha ni neutrofili, na asiye nazo hatoi usaha. Kipimo kilionyesha 0.08. Tulisimamisha kabimazoli saa ileile, tukampa antibayotiki za mshipani, na siku ya tisa namba ikaanza kupanda. Madhara haya huwapata wachache mno, chini ya mtu 1 kati ya 100 wanaotumia dawa hiyo, na wengi wao ni ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Lakini hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba homa na koo vikija akiwa kwenye dawa ile, aache dawa na akapime damu siku hiyohiyo. Kila anayeandikiwa kabimazoli anastahili kuambiwa hivyo kabla hajaondoka na vidonge vyake.

Dawa nyingine zinazoweza kufanya hivyo ni kloramfenikoli, kabamazepini ya kifafa, methotreksati ya baridi yabisi, dapsoni, na amodiakwini ikitumika kwa muda mrefu. Dawa za saratani zenyewe hushusha chembe kwa wagonjwa wengi, kwa kuwa hushambulia kila kinachozaliana kwa kasi na uboho umo ndani yake. Tiba huanza kwa kusimamisha dawa inayoshukiwa, kwa idhini ya aliyeiandika, na kusubiri uboho uamke.

Upungufu wa lishe nao upo, ingawa si kwa kiasi ambacho wauza virutubisho wangependa uamini. Vinavyohusika kwa uhakika ni vitamini B12, foleti na, mara chache, madini ya shaba. B12 hupungua kwa wazee, kwa wasiokula nyama, samaki, mayai wala maziwa, kwa waliofanyiwa upasuaji wa tumbo la chakula, na kwa baadhi ya wenye kisukari waliotumia metformini kwa miaka. Upungufu wake una alama zake: chembe nyekundu huwa kubwa kuliko kawaida, ulimi hulainika na kuuma, miguu huwaka moto au kufa ganzi. Tiba yake ni sindano au vidonge vya B12. Asitibiwe kwa foleti peke yake, maana damu inaweza kupanda huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kimyakimya.

Lupasi na jamaa zake, ambapo mwili hujishambulia, nazitaja kwa sababu huwapata zaidi wanawake wa umri wako. Huja na maumivu ya viungo, vipele usoni vinavyozidi kwa jua, nywele kukatika au vidonda vya mdomoni. Hukutaja hata kimoja. Kwa watoto kuna hali chache za kurithi, ikiwamo moja ambayo neutrofili huzama kila baada ya siku 21 hivi na mtoto akatokwa na vidonda vya mdomo kwa mpangilio ambao mama huugundua kabla ya daktari.

Nimeiacha saratani ya damu makusudi mpaka hapa, kwa kuwa najua ndiyo iliyokunyima usingizi. Saratani ya damu hukalia uboho mzima, na uboho ndio kiwanda cha chembe zote. Ndiyo maana mgonjwa wake kwa kawaida huja akiwa amepauka na kuishiwa nguvu, akitokwa damu kwenye fizi, akiwa na michubuko asiyoikumbuka chanzo, na akiugua homa zisizoisha. Karatasi yake huonyesha damu imeshuka na sahani zimeshuka, huku chembe nyeupe zikiwa chini mno au juu mno. Yako ina damu 12.7 na sahani 238, na wewe unafundisha vipindi vyako kama kawaida. Neutrofili 1.31 peke yake, kwa mtu wa namna hiyo, si picha ya saratani ya damu. Uboho huchunguzwa kwa kuvuta kiasi kidogo kutoka mfupa wa nyonga kwa nyuma, chini ya ganzi, pale ambapo aina mbili au tatu za chembe zimeshuka pamoja, au mtaalamu ameona chembe changa zisizotarajiwa kwenye damu, au neutrofili zinazidi kushuka bila sababu inayojulikana. Hujafika huko hata kwa mbali.

Sasa tiba. Kwa kuwa sababu ni nyingi kiasi hiki, hakuna dawa moja ya chembe nyeupe chache. Kinachotibiwa ni kilichozishusha, na mwenye namba ya kuzaliwa nayo hatibiwi chochote. Ipo dawa inayousukuma uboho utoe neutrofili, iitwayo filgrastimu, inayotumika tangu mwaka 1991. Huchomwa chini ya ngozi, na kazi yake kubwa ni kwa wagonjwa wa saratani walio katika hatari kubwa baada ya dozi, kwa watoto wenye upungufu mkali wa kuzaliwa, na wakati mwingine kwa walioathiriwa na dawa kama yule binti. Huleta maumivu ya mifupa, hasa kiunoni, kwa sababu kiwanda kinalazimishwa kufanya kazi usiku na mchana. Kuichoma kwa mtu mwenye 1.31 asiyeumwa ni kumwumiza mifupa bila faida.

Kwa wale wenye neutrofili chini ya 0.5, kanuni ni moja na haina mjadala: homa ni dharura. Anayetibiwa saratani, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi ambapo chembe huwa chini kabisa, awe na kipimajoto nyumbani. Joto likifika 38.3 mara moja, au likikaa 38 kwa saa nzima, aende hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane, na aseme mlangoni kwamba yuko kwenye tiba ya saratani, ili antibayotiki ya mshipani ianze ndani ya saa moja. Asimeze panadol na kulala akisubiri kukuche, kwa sababu panadol itashusha joto na kuficha moto ulio ndani. Asitarajie jipu wala makohozi ya usaha. Picha ya kifua inaweza kuonekana safi ilhali mapafu yameshambuliwa, kwa kuwa hakuna chembe za kuonyesha vita. Asiwekewe dawa wala kipimajoto kupitia njia ya haja kubwa, asing'olewe jino bila daktari wake kujua, na ale chakula kilichopikwa kikaiva na matunda yaliyooshwa vizuri. Kumkataza matunda na mboga zote, kama ilivyokuwa desturi zamani, hakujaonyeshwa kuwa kunamkinga zaidi.

Kuhusu sirapu yako ya 45,000, sijui ndani yake mna nini, na sidhani aliyekuuzia anajua. Bitiruti, choya, mlonge na parachichi ni vyakula vizuri na siwezi kumkataza mtu, ila havitengenezi neutrofili. Nadhani mkanganyiko huu umetokana na msemo wetu wa "kuongeza damu": watu huchukua kinachosemwa kuhusu chembe nyekundu wakakihamishia kwenye nyeupe. Ninachokihofia zaidi ni mchanganyiko usio na maandishi unaopandisha namba kweli. Dawa za mitishamba zimewahi kukutwa zimetiwa steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, kwa siri, na steroidi hubandua neutrofili zilizojibanza kwenye kuta za mishipa zikaonekana kwenye kipimo. Ni kama askari amewaamuru madereva wote watoe mabasi gereji wayapange stendi: hesabu itapendeza, lakini hakuna basi jipya lililonunuliwa, na steroidi zenyewe zinaishusha kinga uliyotaka kuipandisha. Iache hiyo sirapu angalau mpaka tumalize vipimo, ili isituchanganye.

Kwa hiyo nakuomba ufanye hivi. Subiri zitimie wiki nne hadi sita tangu ulipomaliza Septrin, uwe huna mafua wala homa, kisha urudie picha kamili ya damu kwenye maabara ileile, ukifika mapema na kukaa kitini dakika kumi kabla ya kuchomwa. Ile chupa ndogo yenye kifuniko cha zambarau igeuzwe taratibu mara kadhaa mbele yako ili damu isigande, na isilale hadi kesho yake, kwa maana damu iliyoganda au iliyochelewa kupimwa hudanganya mashine. Omba pia mtaalamu wa maabara atandaze tone la damu kwenye kioo na kulitazama kwa hadubini. Mashine huhesabu vizuri, lakini jicho la mzoefu huona umbo. Ukiwa na mama, kaka au dada aliyewahi kupima, itafute karatasi yake. Nimeshakuta familia nzima zenye neutrofili 1.1 na 1.2, pamoja na bibi wa miaka 80 ambaye hajawahi kulazwa isipokuwa kujifungua.

Ikiwa namba itarudi juu ya 1.5, ilikuwa Septrin au yale maambukizi. Ikibaki kati ya 1.0 na 1.5, damu na sahani zikiwa sawa na kioo kikiwa safi, irudie mara moja zaidi baada ya miezi mitatu. Ikiwa vilevile, basi huyo ndiye wewe, na nitashauri daktari wako akuandikie kwenye kadi kwamba kiwango chako cha kawaida ni hicho, ili siku utakapopelekwa mahali usipofahamika asije mtu akakuanzishia safari hii upya. Ikishuka chini ya 1.0, au damu na sahani zikianza kuifuata, omba rufaa kwa mtaalamu wa magonjwa ya damu, ambaye kutoka Morogoro utampata kwa urahisi zaidi Muhimbili. Na ukipata homa ya zaidi ya 38 kabla ya marudio, nenda kapime siku hiyohiyo ukiwa na karatasi yako ya kwanza mkononi. Fomu za ajira usizizuie: neutrofili 1.31 kwa mtu asiyeumwa haimzuii kufundisha, na daktari anayejaza fomu anaweza kuandika hivyo kwa mstari mmoja.